Kofia ya Pama Iliyokamatwa Matangani

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya matanga pale Mloka, nilipovuliwa kofia ya serikali na bibi kizee mbele ya kijiji, nikarudi kituoni kichwa wazi kama jogoo aliyenyolewa upanga wake. Wewe unayenijua leo hapa Kibiti unamwona mzee mwenye nyumba ya bati la rangi, na stashahada yake ya uhifadhi wa wanyamapori imetundikwa sebuleni ndani ya kioo, ukadhani nilizaliwa nayo. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mimi sikuwa na mjomba ofisini wala baba mwenye jina. Nilitoka Ruaruke na viatu vya kuazima, nikasoma, nikafaulu, nikafanya kazi katika mapori ya kusini na ya magharibi na ya kaskazini, nikawafundisha walionifuata, na nilipostaafu sikubaki mjini kungoja kuzikwa na majirani wasiojua jina langu. Nilirudi kwetu. Nayasema haya si kwa kujitapa, ingawa nikijitapa kidogo sijui nani atanizuia. Nayasema ili ujue kwamba anayekupa nasaha si mtu aliyeshindwa na maisha akabaki na maneno.

Siku hizi vijana wetu wengi wanapata kazi za sare. Wapo wa wanyamapori, wapo wa misitu, wapo wa ulinzi wa bandari, na wasichana wamo, tena wanawazidi wavulana kwa kunyoosha mgongo. Wakija kunisalimia barazani, kitu cha kwanza wanachonionyesha ni picha ndani ya simu: huyu hapa na buti, huyu hapa na mkanda, huyu hapa na kofia kaishusha karibu na nyusi. Sina ugomvi na picha hizo. Mimi mwenyewe nilipiga yangu kwa mpigapicha wa mjini, nimeegemea nguzo ya maua ya plastiki, na mama yangu aliitunza sandukuni pamoja na kanga zake za kutokea. Furaha ya vazi ni halali. Ninachotaka kukueleza ni kile kinachokuja baada ya picha.

Kofia yangu ilikuwa pama. Si hizi za kitambaa laini mnazovaa kwendea shamba, wala zile za ukindu wanazosuka akina mama. Ilikuwa pama ya sufu iliyoshindiliwa hadi ikawa nzito kama blanketi, rangi ya majani makavu, ukingo wake mpana ukizunguka pande zote, isipokuwa upande wa kushoto ulipokunjwa juu na kubanwa kwa beji. Ilikuwa na kamba ya ngozi ya kupita kidevuni. Tulipewa siku ya kumaliza mafunzo, na nakuambia kweli, niliposhika ile kofia mkononi niliona cheti chenyewe ni karatasi tu.

Shida yake ni moja. Sufu haipatani na unyevu wa Rufiji. Masika yakiingia, ukingo unalala kama sikio la mbuzi. Kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa naishika juu ya mvuke wa birika, naunyoosha ukingo kwa vidole, kisha naubana kati ya mbao mbili chini ya godoro. Mwenzangu mmoja kituoni akanifundisha kupaka maji ya sukari ili ukauke mgumu. Nikapaka. Asubuhi iliyofuata nikasimama gwaride sisimizi wakinitambaa masikioni, na gwarideni mtu hajikuni. Hata hivyo ukingo ulikaa kama sinia. Nikasema, acha wanitembelee.

Nilipangiwa kituo cha Mloka, kule bonde linakoanza kupakana na pori la akiba. Nilikuwa katika kipindi cha matazamio. Maana yake, afisa kutoka wilayani angekuja kutukagua, na yeye ndiye angesema huyu abaki na huyu arudi kwao. Kila mtu alijua kwamba kijana wa matazamio akipoteza kifaa alichokabidhiwa, hata mkanda, safari yake imeishia hapo. Mwenzetu aliyetutangulia alirudishwa nyumbani kwa sababu ya viatu. Na mama yangu Ruaruke alikuwa ameshawatangazia wanawake wote wa kisimani kwamba mwanawe ni askari mwenye kofia ya pama. Fikiri mwenyewe ningerudi pale na sura gani.

Sasa, pale kijijini watu walikuwa na adabu ya ajabu na sisi. Nikipita barabarani, mazungumzo yananyamaza. Mwenye mzigo wa kuni anaukalia. Watoto wanasalimia kwa pamoja kama wako darasani, kisha wanatoweka. Mimi niliona hiyo ni heshima. Nilinenepa kwayo. Ni wazee wa msikitini pekee waliothubutu kunitania, kwa kuwa pama niliiacha mlangoni juu ya viatu na kuvaa barakashia niliyoiweka mfukoni. Imamu akasema kofia ile ni nzuri ila haijui kusujudu. Wakacheka, nami nikacheka, halafu nikatoka nikaipangusa vumbi kwa mkono wa shati.

Basi akafariki mzee mmoja pale kijijini, amekula chumvi nyingi, Mungu amrehemu. Siku ya hitima nikaenda kuhani nimevaa sare kamili. Nilijiambia kwamba naipa familia heshima ya serikali. Nikakaa kwenye mkeka wa wanaume na pama yangu kichwani, mgongo umenyooka. Ukingo ukawa unawagusa waliokaa kushoto na kulia, nao kwa adabu wakasogea, wakasogea tena, mpaka nikabaki peke yangu katikati ya mkeka kama chungu jikoni.

Mwanangu, wewe umekua wakati mambo ya utani yanapungua, kwa hiyo acha nikueleze. Koo nyingi za bonde hili zina watani wao tangu enzi za mababu. Mtani wako akija msibani ana ruhusa ya kufanya asichoweza kufanya mwingine. Atakuita mtumwa wake, atalala mahali pa marehemu, atadai kuku, atakuvua kiatu, atamwaga mchuzi wako. Na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukitaka kitu chako, unakikomboa kwa kutoa chochote, mnacheka, yameisha. Atakayemkasirikia mtani msibani amejivua nguo mwenyewe.

Palikuwa na mjane akiitwa Bi Sikudhani, na ukoo wake na wetu ni watani wa damu. Nilimjua kwa jina tu. Akatoka uani kwa wanawake akiwa amejifunga kanga kiunoni, akanizunguka polepole kama mtu anayekagua mbuzi wa mnada.

"Huyu mtumwa wangu mbona kaja matangani na mwavuli?" akawauliza wazee. "Marehemu hakufa kwa jua."

Kabla sijajibu, kofia ilikuwa mkononi mwake, na kabla sijainuka ilikuwa kichwani mwake, juu ya kanga. Akachukua mchi wa kutwangia, akauweka begani kama bunduki, akaanza kupiga hatua mbele ya watu, tumbo mbele, kidevu juu. Alinipatia, mwanangu. Hata namna ninavyozungusha shingo nzima kwa ajili ya ule ukingo aliipatia.

"Simama hapo," akamwambia mwanamke aliyebeba sinia. "Huo ubwabwa una kibali? Na wewe mzee, hizo ndevu umekata msitu gani? Na marehemu naye, nani kamruhusu kufa bila kibali?"

Watu walicheka mpaka machozi yakawatoka, na waliokuwa wakilia tangu jana wakacheka nao. Hiyo ndiyo kazi ya utani. Mimi nilicheka kwa meno tu. Nilipoona amemaliza, nikatoa mfuko wa sukari niliouleta kwa wafiwa nikamkabidhi yeye, ili anirudishie changu kama ilivyo desturi. Akaipokea kwa mikono miwili.

"Sukari nimepokea, Mungu akujaze," akasema. "Kofia bado ina kazi." Akaondoka nayo.

Nikajipa moyo kwamba jioni ataileta. Hakuileta. Na wiki hiyohiyo ndiyo ilikuwa ya ukaguzi. Afisa alikuwa anakuja Alhamisi. Kesho yake ya hitima, Jumatatu, nikaenda nyumbani kwa Bi Sikudhani nimefura. Nikamwambia kwamba anazuia mali ya serikali, kwamba naweza kumkamata na kumpeleka kituoni. Niliyasema hayo wima, nimesimama mlangoni kwake bila hata kumwamkia. Naye alikuwa anachambua mchele.

"Nipeleke, mtani," akasema bila kuinua macho. "Ila unibebe mgongoni. Miguu inaniuma."

Nikarudi kituoni nikitafuta mtu wa kunisaidia kuichukua kofia kwa nguvu. Maneno, kumbe, yalikuwa yameshanitangulia. Mkuu wa kituo chetu alikuwa Mzee Mkumba, Mmatumbi kutoka vilima vya kusini, mtu mfupi, mpole, mwenye pama kuukuu iliyojikunja kama jani la mgomba lililokauka. Nilikuwa namdharau kidogo kwa kofia ile. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anapaka buti zake mafuta. Akaniacha nieleze yote mpaka mwisho, mali ya serikali, ukaguzi, matazamio, kila kitu.

"Umemtishia mtani wako kwa pingu?" akaniuliza.

Nikasema sikutaja pingu, nilitaja kituo.

"Kijana, hebu niambie. Tangu ufike hapa Mloka, ni nani wa kijiji hiki aliyewahi kuja kwako kwa miguu yake kukuomba kitu?"

Nikafikiri. Nikasema hakuna.

"Basi huyo mama ndiye wa kwanza," akasema Mzee Mkumba. "Mjane haji getini kwa askari akasema nisaidie. Anaogopa. Anajua akija mwenye kofia, amekuja kukamata. Lakini kwa mtani ana ruhusa. Amekuomba kwa njia pekee aliyo nayo, na wewe umekwenda kumtisha mlangoni kwake. Hukumwuliza hata kofia ina kazi gani."

Nikamwomba basi anipe kofia nyingine kutoka stoo, nipite ukaguzi, mambo ya mjane yaje baadaye. Akasema ipo moja, na sitapewa. Akarudi kwenye buti zake. Maneno yale hayakuwa makali, lakini nakuambia, nimewahi kufokewa na wakubwa wengi katika maisha yangu, wengine hata majina yao nimeyasahau. Ya Mzee Mkumba nayasikia mpaka leo nikifunga vifungo vya shati.

Mchana ule nikaenda shambani kwa Bi Sikudhani, safari hii kichwa wazi na bila maneno mdomoni. Ilikuwa ni wakati wa mlau, yale mahindi tunayopanda bondeni maji ya mafuriko yakishaondoka, na yalikuwa yameanza kubeba. Mumewe alikuwa amefariki, na wanawe wawili walikuwa Nyamisati wakipakia boriti za mikoko. Nikaikuta pama yangu imevikwa juu ya mti katikati ya shamba, na gauni kuukuu limening'inizwa chini yake. Na hatua chache kutoka hapo, nyani dume mkubwa amekaa kitako kama mkwe, anamenya hindi.

Mtoto yeyote wa bonde hili anajua kwamba nyani hamwogopi mwanamke. Mwanamke akimtupia jiwe, nyani anamwangalia tu na kuendelea kula. Nyani anamkimbia mwanamume, na zaidi askari mwenye pama, kwa kuwa anaijua bunduki. Nilijua hilo kabla sijajua kusoma, na chuoni nikalisoma tena, nikalijibia mtihani nikapata alama za juu kuliko wenzangu. Kwa hiyo nilielewa mara moja Bi Sikudhani alichokuwa akijaribu, na nilielewa pia kwamba hakitadumu.

Nikamwamkia kwanza. Kisha nikamwambia, "Bibi, nyani wana akili. Kofia tupu wameshaizoea."

"Najua," akasema. "Mimi sikutaka kofia tupu. Nilitaka na kichwa chake."

Mwanangu, nilikaa chini palepale, juu ya tuta la mahindi.

Akaniambia masharti ya ukombozi, nusu utani, nusu kweli: kofia itakuwa yake mpaka shamba lipumue. Nikitaka kuivaa, niivae mle mle shambani. Nami nikakubali. Mzee Mkumba alinipa ruhusa bila kuniuliza nakwenda wapi. Nikavaa pama yangu na kuzunguka mipaka ya shamba lile tangu jua linapochomoza, yule dume akiniangalia kutoka mitini na kunitukana kwa lugha yake. Wanawake wa mashamba ya jirani wakaanza kuniita, mtani wa Sikudhani njoo na huku. Ndipo nikatumia elimu yangu, na hapa najisifu bila haya: niliwaambia tufyeke kichaka chote kilichoshikana na mashamba, kwa sababu nyani hapendi kuvuka uwazi. Nikawakusanya vijana wa kiume waliokuwa wakicheza bao kutwa, nikawapanga kwa zamu, kila mmoja na kipande chake. Waliokuwa wananikimbia wakaanza kunibishia, na kubishiwa ni bora kuliko kukimbiwa. Kijana mmoja akaniambia kwa uso mkavu kwamba yeye hachukui amri kutoka kwa mtu aliyenyang'anywa kofia na bibi yake. Akafyeka huku akicheka.

Jumatano mvua ikanyesha, moja ya zile za ghafla. Ukingo wangu, ule niliounyoosha kwa mvuke na kuulisha sukari, ukalala pande zote. Mchana Bi Sikudhani akaivaa kofia akipika palepale shambani, ikashika moshi. Jua liliposhuka akaichukua, akaniambia bado. Nikamweleza kwamba kesho ni ukaguzi, na nisipokuwa nayo kichwani narudishwa kwetu. Sikumtisha, nilimwomba. Akasema nipitie asubuhi.

Asubuhi ile ya Alhamisi nikafika shambani mapema. Gwaride lilikuwa saa tatu. Bi Sikudhani alikuwa ananingoja kofia mkononi, akanivika mwenyewe, akaniambia nenda mwanangu, na kwa mara ya kwanza hakuniita mtumwa wake. Nikageuka niondoke. Na hapo ndipo kundi zima la nyani likateremka kutoka mitini upande wa mto, wengi kuliko nilivyopata kuwaona pamoja, wakiongozwa na yule dume. Vijana wa zamu walikuwa bado hawajafika. Mbele yangu palikuwa na njia ya kituoni, nyuma yangu mwanamke mzee ameshika fimbo.

Sitakuambia kwamba sikusita. Nilisita. Niliyaona macho ya mama yangu, nikawaona wanawake wa kisimani Ruaruke. Kisha nikapiga kelele kwa sauti yote ya kifua, nikakimbia kuwaelekea nyani. Tuliwafukuza mpaka ng'ambo ya kile tulichokifyeka, vijana wakatukuta humo, na tulipomaliza jua lilikuwa limepanda sana.

Nikafika kituoni gwaride limeshaanza. Wenzangu wamesimama mstari mmoja, pama zao zimenyooka kama sahani mpya. Nikajiunga mwisho wa mstari nikihema, matope mpaka magotini. Afisa akatembea polepole mpaka kwangu, akasimama.

"Hiki nini kichwani?"

"Kofia, afande."

"Ilikuwa kofia," akasema.

Kweli ilikuwa inanuka moshi, ukingo umening'inia mpaka masikioni, na nywele za hindi zimenasa chini ya beji. Akaniuliza imekuwaje. Nikaona uongo hautaniokoa, nikasema ukweli: ilikamatwa na watani matangani, afande, na ilikuwa shambani ikikombolewa. Afisa hakucheka. Akasema kwamba kijana asiyeweza kutunza kofia hawezi kutunza silaha, na kwamba mimi nilijua masharti ya matazamio. Alisema kwa upole, na huo upole ndio ulionitisha. Mzee Mkumba alisimama kando yake.

Ndipo tukasikia hodi getini. Alikuwa Bi Sikudhani, na nyuma yake wanawake wa mashamba yale, wengine na majembe bado mabegani, wengine wamebeba vikapu vya mahindi mabichi. Mlinzi hakujua afanye nini, hakuwahi kufundishwa. Wakaingia.

"Bwana mkubwa," Bi Sikudhani akamwambia afisa, "kama umenizidi umri, shikamoo. Kama hujanizidi, niamkie."

Afisa akamwamkia.

"Marahaba. Tumesikia mtu akiharibu kofia hapa anafukuzwa. Kofia nimeiharibu mimi. Mkimfukuza huyu mtumwa wangu, msimpeleke kwao, mtuachie sisi. Mashamba bado yapo."

Afisa akawaangalia wale wanawake, akaangalia miguu yao yenye matope kama yangu. Akamgeukia Mzee Mkumba akamwuliza kama watu hawa huwa wanakuja kituoni mara kwa mara.

"Hapana, afande," akasema Mzee Mkumba. "Tangu nikabidhiwe kituo hiki, hajawahi kuingia mwanakijiji kwenye geti lile bila kuletwa. Ni leo."

Afisa akaitazama tena kofia yangu. Kisha akaniambia, "Utavaa hiyohiyo mpaka mgao ujao. Na nisikute umeinyoosha." Akageuka kwenda kukagua mkanda wa mwenzangu wa pembeni.

Hivyo ndivyo nilivyobaki kazini, mwanangu. Mwaka mzima nilivaa pama iliyolala, nikaitwa Mbuzi, na kila aliyeniita hivyo nilimjua kwa jina lake na shamba lake. Watu wakaanza kuja. Mmoja alikuja kusema ameona mitego ya waya kwenye njia ya swala. Mwingine alikuja kusema tembo wamelala karibu na bonde, tujiandae. Kituo chetu kikajulikana, na walipouliza wilayani nani apelekwe kusomea stashahada, Mzee Mkumba alilitaja jina langu. Nusu ya cheti kile kilichopo sebuleni kwangu ni akili yangu, na akili ninayo, sikatai. Nusu nyingine ilitoka pale tutani.

Sasa nikuambie wazi ninachokuusia. Ukipewa sare, ipende. Ing'arishe, ipigie picha, mpelekee mama yako. Anayekuambia ujione huna thamani ndani ya vazi lako ana husuda. Lakini usidanganyike na ukimya wa watu unapopita. Ukimya unaweza kuwa kilemba cha ukoka. Unakukaa vizuri kichwani na hakuna kitu ndani yake. Heshima ya kweli utaijua kwa mtu mnyonge kabisa kukujia mwenyewe bila kuitwa, akakuomba, akakubishia, akakutania. Akikutania, usihesabu ni dharau. Mara nyingi mnyonge hana lugha nyingine ya kumwambia mwenye cheo kwamba ana shida. Uliza kazi ya kofia ni nini kabla hujadai kofia. Mwamkie mtu kabla hujamweleza sheria. Na siku kazi na sura ya kazi zikigongana, kama zilivyogongana mbele yangu asubuhi ile, fuata kazi, hata kama mguu mmoja unataka kwenda kwenye gwaride. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na mwenye ukingo mpana hainami mpaka akubali kuuchafua.

Mzee Mkumba na Bi Sikudhani wote wametangulia mbele ya haki. Nimewafikia umri wao, na kwa kusoma nimewapita, hilo walilijua na walilifurahia. Nakuombea wewe unipite mimi, tena kwa mbali, mpaka stashahada yangu ionekane kama daftari la shule ya msingi. Mwenyezi Mungu akupe vazi utakalolivaa mpaka lichakae kwa jua na mvua za watu wako, lisifie kabatini. Akupe mkubwa wa kukukemea bila kukuaibisha. Na akujaalie asubuhi moja, hata moja tu, utakapokuwa umekosa pa kujitetea, usikie sauti za akina mama wakipiga hodi getini kwa ajili yako. Amina.